Msimamizi wa Kota na Jiko la Mkewe

Akiingia kwako alitazama dari kwanza, ndipo akakusalimia. Hakuwa na dharau. Macho yake yalizoea tu kwenda juu kutafuta doa la maji kabla hayajashuka kwa binadamu. Mimi siku ya kwanza nilidhani ameona nyoka. Nilitoka mbio hadi barazani, kanga mkononi, na yeye akabaki katikati ya sebule, kichwa kakiinua, akasema bila haraka, "Hapana, ni bati tu limelegea. Kamwene, dada. Karibu Njombe."

Hatukumwita jina. Tulimwita Msimamizi, na hadi leo nikikutana na mtu tuliyekaa naye kota, ukitaja Msimamizi hakuna anayeuliza msimamizi gani. Alikuwa mtu wa wakala wa serikali unaotunza nyumba na majengo ya umma, na sehemu yake ilikuwa nyumba za watumishi pale mjini na nyingine chache za Makambako. Naye hakujisumbua na majina yetu. Alituita kwa idara. Mimi, afisa mifugo, nilikuwa Mifugo. Jirani wa kulia alikuwa Mahakama, wa kushoto alikuwa Maji, mkewe Mama Maji, na mtoto wao aliyezaliwa palepale kota akawa Maji Mdogo. Mwanzoni tulicheka, baadaye tukaanza kuitana hivyo wenyewe. Jina la kwanza la Mahakama sina hakika nalo mpaka sasa, na nilikaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka.

Alivaa koti refu jeusi la mtumba, kiangazi na masika, na mifukoni mlijaa bawaba, koki, parafujo na vipande vya waya. Ulimsikia kabla hujamwona. Watoto waliposikia ule mlio nje walikimbia kuteremka kwenye mageti walikokuwa wakibembea, maana kitu kimoja kilichomuumiza moyo ni geti lililolegea kwa sababu ya watoto. Hakuwapiga. Aliwakalisha chini na kuwaeleza habari za bawaba, kwa kirefu, mpaka wakatamani wangepigwa yaishe.

Nyumba zenyewe zilikuwa za zamani, kuta nene, rangi ya krimu na mkanda wa kahawia chini kuzuia matope yasionekane. Kila sebule ilikuwa na mahali pa kuotea moto na bomba la moshi, na mwezi wa sita, ukungu ukishuka na majani yakiamka meupe kwa baridi, sisi tuliotoka mikoa ya joto tuliishi mbele ya moto ule kama kuku wanaoatamia. Mimi natoka Singida. Nilinunua kuni za miwati nyingi kuliko nilivyonunua unga. Jiko lakini lilikuwa nyuma, dogo, na dirisha lake lilitazama kilima. Jua halikuingia humo asubuhi wala jioni. Aliyechora nyumba zile, nadhani, alijua hatapika yeye.

Kitu alichokianzisha Msimamizi, ambacho sijakiona kituo kingine chochote nilichofanya kazi, ni kuitambulisha nyumba. Watu wengine wanakabidhi funguo, basi. Kwake ilikuwa lazima anayetoka na anayeingia wakutane ndani, wote wamesimama, na anayetoka aseme tabia za nyumba kwa mdomo wake. Aliyenitangulia mimi alikuwa Misitu, bwana mmoja mnene aliyehamishiwa Rukwa, na tayari gari lake lilikuwa linanguruma nje.

"Sema," Msimamizi akamwambia.

"Mlango wa nyuma unauinua kidogo ndipo unausukuma," Misitu akaanza, kwa aibu kidogo, kama mtu anayesema siri za mkewe. "Upepo ukitoka bondeni moshi unarudi ndani. Fungua dirisha la chumbani, utatoka."

"Na choo?"

"Choo hakina neno. Ila usivute kwa hasira."

"Na viazi?"

Hapo Misitu akageukia dirisha. Alikuwa amepanda viazi uani, na uhamisho ulimkuta viko kwenye maua. Msimamizi akanigeukia. "Viazi havina uhamisho," alisema. Sheria yake ilikuwa kwamba anayeingia anapalilia, anavuna, na nusu anaituma kwa aliyepanda, hata akiwa wapi. Mimi sikuwa nimewahi kuinulia kiazi udongo tangu nizaliwe. Alikuja kila Jumamosi kunisimamia, akitoa maelekezo kutoka barazani, mpaka nikawaza kwamba nimeajiriwa na Misitu. Siku ya kuvuna aliyachagua magunia ya Misitu yeye mwenyewe, akapanda nayo gari hadi Makambako kwa sababu hakuwaamini makondakta, akasubiri pale njia panda hadi lilipopatikana lori la kwenda Rukwa kupitia Mbeya lenye dereva aliyemridhisha uso. Misitu alipiga simu kusema viazi vimefika vyote. Kisha akauliza kama mlango wa nyuma bado unakataa, na nilimsikia sauti inalegea. Niliielewa siku hiyo kazi ya ule utambulisho. Mtu aliondoka Njombe, lakini kulikuwa na mwingine wa kumuuliza habari za mlango wake.

Kuhusu kuta alikuwa jiwe. Niliomba niruhusiwe kuongeza dirisha jikoni, kwa gharama zangu, na fundi nitamtafuta mwenyewe. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda, kama mimi ninavyomshika ng'ombe kusikia homa. "Mifugo," akasema, "mimi na wewe tunapita. Ukuta unabaki." Hakuwa ananionea. Bwana mkubwa mmoja aliyepewa nyumba ya juu alitaka kubomoa ukuta apanue sebule, naye alijibiwa vilevile, kwa heshima zaidi lakini vilevile. Mkubwa akaenda kuleta kibali kutoka juu. Siku mafundi walipobomoa, Msimamizi alisimama nje kwenye manyunyu, mgongo kaigeuzia nyumba, mpaka walipomaliza.

Sasa mtu huyohuyo, kwa ng'ombe wangu, alikuwa kipofu. Kufuga ng'ombe kota kulikatazwa. Mimi nilikuwa naye, mwekundu, wa maziwa, nyuma ya nyumba, na ng'ombe si kitu cha kuficha kwenye kabati. Msimamizi alikuja, akakaa, akanywa kikombe cha maziwa ya moto, akafuta midomo, akasema, "Maadamu hapa hakuna ng'ombe, sina la kuandika." Wakaguzi walipokuwa wanakuja kutoka makao makuu alinigongea asubuhi, uso mzito wa kikazi: "Mifugo, yule asiyekuwepo ahamie kwa Mahakama leo. Nyumba yake haimo kwenye orodha." Nikamswaga asiyekuwepo hadi kwa Mahakama, akala maua ya mama wa watu yote.

Siku ya mvua ya mawe namkumbuka juu ya paa la Maji, mchana kweupe, koti limeloa, mabati yanapeperuka pembeni, na Mama Maji akiwa chini na kichanga akimpigia kelele ateremke. Hakuteremka. Alifunga bati kwa waya wa mfukoni mwake. Aliposhuka alitetemeka hata kikombe hakikushikika. Saa hiyohiyo nyumbani kwake, nyumba ya mwisho kwenye ule mstari, mkewe alikuwa anapanga mabeseni sebuleni. Ndiyo, nyumba ya Msimamizi ndiyo iliyokuwa inavuja kuliko zote. Aliiacha iwe ya mwisho kutengenezwa ili asisemwe anajipendelea, na kwa kuwa zamu haikuisha, ya mwisho haikufika.

Mkewe alikuwa Mkinga wa Ipelele, kule Makete, mrefu, mwenye maneno machache na yenye ncha. Magoti yalikuwa yanamtesa. Lile jiko la kivulini lilimmaliza, na daktari alimwambia wazi kwamba dawa anazompa zinapigana na sakafu anayokanyaga. Asubuhi, mumewe akishatoka, alikuja kukaa nyuma kwangu, kando ya banda, mbali na kivuli cha nyumba, ndiko jua lilikoanzia. Alinyoosha miguu juu ya gunia, akamenya viazi vyake hapo. Sikuwahi kumwona akimenya viazi jikoni kwake.

"Huyu anadhani wote ni wapangaji wake," aliniambia. "Hata mimi."

"Si mna kiwanja Makambako, mama?"

"Kiwanja kipo. Lyamkena. Msingi upo, umeota majani, mbuzi wa watu wananenepa hapo." Akatupa ganda kwenye beseni. "Siombi ghorofa, Mifugo. Naomba jiko la kwangu, jua la asubuhi linipige magotini nikiwa namenya viazi. Basi. Nikipata hilo nikiwa bado natembea, nitakuwa nimeolewa."

Nilimpenda mzee yule, lakini kwa hili nilimkasirikia, na nilimwambia. Kila alipopanga kwenda Lyamkena koki ya mtu ilipasuka, au kitasa cha Elimu kiligoma, naye akavua viatu vya safari. Nilimkuta siku moja anazibua sinki langu, nikamsimamia kichwani kama yeye alivyonisimamia kwenye viazi.

"Msimamizi, mama anaumwa magoti."

"Najua."

"Unajenga lini?"

"Mifugo, paa la mtu likivuja mimi niko Lyamkena nachanganya zege, nitalala?"

"Na yeye analala?"

Alitazama dari, na safari hii nilijua hatafuti doa.

Alipostaafu aliondoka kota kabla ya siku aliyopewa, ili asionekane anang'ang'ania. Wiki ya mwisho alipanda paa lake mwenyewe na kuliziba. Mimi nilikuwepo kwenye utambulisho, na watu wengi tulikuwepo, sebule ilijaa. Aliyekuja kuingia alikuwa kijana wa Ardhi na mkewe mwenye mimba. Msimamizi alieleza nyumba yake kwa muda mrefu, kila bawaba, mpaka kijana akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Kisha akamgeukia mke wake mwenyewe, "Na wewe sema." Mama akamtazama yule binti. "Jiko halipati jua," akasema. "Usilizoee." Akatoka nje, akapanda gari, akasubiri humo.

Wakahamia chumba cha kupanga Makambako wakati nyumba ya Lyamkena ikijengwa. Mimi nikahamishiwa Makete, na nikasikia kwa watu kwamba mzee anajenga kwa kasi ya ajabu, anasimama na mafundi tangu alfajiri, na hataki mkewe afike kiwanjani mpaka iishe. Nilifurahi sana. Nilisema, haya, Mungu mkubwa, mama ataota jua.

Mwaka huu tulikwenda Ipelele kuchanja ng'ombe. Nikiwa kwenye foleni ya ng'ombe, mikono imejaa kinyesi, nikasikia sauti nyuma yangu, "Huyo yupo au hayupo?" Nikageuka. Alikuwa yeye, mke wa Msimamizi, na fimbo. Nilimkumbatia nikiwa mchafu vilevile. Nikamuuliza amekuja kutembea? Akasema hapana, anakaa, kwa dada yake, tangu masika.

Tulikaa kwenye ngazi za nyumba ya dada yake, akanieleza. Siku nyumba ilipoisha mumewe alimvalisha kitenge kipya, akamchukua kwa bajaji hadi Lyamkena, akamwambia fumba macho, akamshika mkono hadi getini, akamwambia fumbua.

"Nikafumbua," alisema. "Nikaona kota."

"Kota gani?"

"Kota, Mifugo! Ileile. Krimu, na mkanda wa kahawia. Baraza lilelile, mlango upande uleule. Bomba la moshi, Makambako, la nini? Nikasema labda ndani. Nikaingia ndani, nikaenda jikoni. Dirisha liko palepale, linatazama kivulini. Na Lyamkena hata kilima hakuna! Kivuli amekitafuta mpaka akakipata." Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Nikamwambia, mwenzangu, umenihamisha kituo tu. Siku ya tatu nikapanda basi."

Aliposimama kunisindikiza aliniegemea begani, na niliona jinsi alivyouteremsha mguu mmoja kwenye ngazi, akaupumzisha, ndipo akauteremsha wa pili. "Ukipita Makambako umwambie sina ugomvi naye," alisema. "Nina ugomvi na lile jiko."

Nilipita wiki iliyofuata. Nyumba sikuuliza mara mbili, niliijua kwa mbali, nikakaza mwendo kwa sababu ilikuwa kama nimerudi kwangu. Barazani walikaa watu watatu kwenye benchi, mmoja ana bahasha kaki, wanasubiri. Uani limeegeshwa lori la mbao. Watoto wa shule walikuwa wanakatiza kutoka nyuma kwenda barabarani kama njia ya kila siku.

Msimamizi alitoka na koti lake. Alitazama angani kwanza, maana tulikuwa nje na dari haikuwepo, akanisalimia. Kisha akawaambia wale watu wa benchi, kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kusema hilo mara nyingi, "Ofisi ya kata ni kule mbele, baada ya msikiti. Hapa ni kwangu." Yule mwenye bahasha akauliza kama si afadhali aiache hapa hapa.

"Kila siku hivi," mzee aliniambia tulipoingia. "Mwenye lori ni jirani, mtu mwema, ana biashara ya mbao. Nilipomwambia aondoe lori akaniambia, mie nilijua ni jengo la serikali, mzee wangu, nikasema halina mwenyewe. Alipojua alikuja na sahani ya pilau kuomba radhi. Lakini lori amelisahau." Alijaribu kucheka. "Na wale watoto nikiwakataza kupita wananijibu, ni ya wananchi hii."

Nikampa salamu kama nilivyotumwa, neno kwa neno. Alinichukua jikoni. Lilikuwa jiko safi, zege limesuguliwa, na baridi yake niliitambua. Nyundo kubwa mpya ilikuwa imeegemezwa ukutani, na buibui alishaanza kujenga kati ya mpini na ukuta.

"Nilijenga ile ninayoijua," alisema. "Nyumba ile nimeishika kila mahali, dada. Najua maji yatapita wapi, najua ufa utaanzia wapi. Nilitaka kumpa kitu ambacho sitakosea."

"Hukumuuliza."

"Sikumuuliza." Aliishika nyundo, akaiinua hadi kiunoni, akairudisha. "Nimeinunua muda sasa. Nikiiinua mkono unakataa. Naona kama kuna mtu atatokea hapo mlangoni aniulize kibali."

"Kibali anacho mama," nikasema. "Mpigie."

Alipiga kwa simu yangu, kwa sababu aliogopa mkewe akiona namba yake hatapokea. Niliweka sauti ya nje. Mtandao wa Ipelele ulikuja na kukatika, kisha sauti yake ikatoka, na upepo wa shambani nyuma yake.

"Mifugo?"

"Ni mimi," mzee akasema. "Nauliza. Jiko, ulitaka dirisha likae wapi?"

Nilidhani mtandao umekatika, nikaisogeza simu.

"Nani anauliza? Wewe au serikali?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mume wako."

Upepo ulivuma kwenye simu. Halafu akauliza, taratibu, "Hapo jua linatokea upande gani?"

"Upande wa reli."

"Simama katikati ya jiko. Geukia reli."

Aligeuka. Mikono yake aliishusha ubavuni kama mwanafunzi.

"Unaona nini?"

"Ukuta," akasema.

"Hapo."

Msimamizi alivua koti. Sikuwa nimewahi kumwona bila koti, alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Alilitundika kwenye kitasa, akatemea viganja, akaishika nyundo, akanitazama mimi, akaitazama simu mkononi mwangu, kisha akapiga. Plasta ilimwagika sakafuni na vumbi likajaa jiko. Nje, watu wa kwenye benchi wakasimama.

"Nini hicho?" sauti ya Ipelele ikauliza.

"Ukuta, mama," nikasema. Nilikuwa nalia, na sikujali. "Anabomoa ukuta."

Tulimsikia anapumua.

"Mwambie apige tena," alisema. "Niko hapa, nasikiliza."